Mwongozo kamili: jinsi ya kuanzisha jumuiya ya vijana kwenye zama hizi ambazo kila mtu ana ukweli wake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Haya nawaandikia viongozi wa vijana, wazee wa kanisa, makatekista, wainjilisti, na yeyote yule ambaye Jumapili akigeuka kuangalia mabenchi ya nyuma anaona wale waliopata kipaimara miaka mitano iliyopita hawapo, na roho inamuuma. Mifano yangu mingi ni ya Dar kwa sababu ndo ninakoishi na kutumika, ila wa Mwanza, Arusha, Nairobi au Mombasa mtajikuta humu humu.

Tusidanganyane, mambo yamebadilika. Zamani mchungaji akisema jambo madhabahuni limeisha, na mzazi akisema twendeni kanisani mnaenda. Leo kijana wa Kimara amelala kitandani anasikiliza mahubiri ya Lagos, anapitisha kidole anakutana na mganga, anapitisha tena anakutana na mtu anamwambia Ukristo ni dini ya wakoloni, anapitisha tena kuna mwingine anasema ishi ukweli wako usimruhusu mtu akuhukumu, na yote hayo ndani ya dakika kumi kabla usingizi haujamchukua. Wasomi wanaziita zama za baada ya usasa. Kwa lugha yetu ya kawaida ni kwamba cheo peke yake hakimfanyi tena mtu akuamini, lazima akuone unavyoishi kwanza, alafu ndo asikilize unachosema.

Ila huku kwetu haijaja kama ilivyokuja Ulaya. Kenya kwenye sensa ya 2019 waliosema hawana dini kabisa walikuwa kama 755,000 hivi kati ya watu milioni 47 na nusu, yaani ni wachache sana. Kijana wetu hasemi hakuna Mungu, anasema Mungu namuamini ila kanisa ndo silielewi. Na ana sababu. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamuone Yesu. Mwaka 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani, hasira yao haikuishia kwa wanasiasa, ilifika mpaka kwa viongozi wa dini waliokuwa wanapokea mabunda ya hela za wanasiasa madhabahuni. Kijana ameyaona yote hayo kwenye simu, sasa ukimwambia tu "wewe amini" anakuangalia.

Mimi naamini kabisa kinachotukosesha vijana sio upungufu wa mahubiri, maana mahubiri yamejaa kila kona. Wamekosa sehemu ambayo mtu anajulikana kwa jina, anaweza kuuliza swali baya bila kufukuzwa, na akikosekana wiki mbili kuna mtu anapiga simu. Na chombo cha kufanya hivyo tunacho siku nyingi. Maaskofu Katoliki wa ukanda wetu walikaa Nairobi mwaka 1976 kwenye mkutano wa umoja wao, AMECEA, wakaamua jumuiya ndogo ndogo ndo ziwe kipaumbele cha kichungaji. Waprotestanti tuna ushirika wa Uamsho ulioanzia Gahini Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930, ukavuka mpaka Kagera na Kenya, watu wakawa wanakaa kwenye nyumba wanaungama wazi wazi na kuombeana, mzungu na mwafrika, mwenye shamba na kibarua. Chombo kipo. Shida ni kwamba sehemu nyingi kimebaki kuwa mahali pa kukusanyia michango na kupata sahihi ya mtoto kubatizwa. Kwa hiyo hapa chini hatuleti kitu kigeni, tunakirudishia uhai kitu chetu.

Hatua ya 1: Chukua daftari la kipaimara, nenda kasikilize

Usianze kwa kutangaza kanisani. Ukitangaza watakuja wale wale wanaokuja kila kitu, wanakwaya na watoto wa wazee, na hao tunawapenda ila sio waliopotea. Nenda ofisini omba daftari la kipaimara la miaka minne, mitano nyuma. Tanzania sensa haijauliza mtu dini yake tangu 1967, kwa hiyo hilo daftari ndo sensa yako. Andika majina pembeni, kaa na mtu mmoja anayewafahamu, kila jina jiulizeni yuko wapi sasa hivi: amehama, ameolewa, yuko chuo, anaenda kanisa lingine, yuko tu mtaani. Hao wa mwisho ndo unawatafuta kwanza.

Alafu watafute mmoja mmoja, na hapa ndo wengi wanaharibu, maana neno la kwanza wanalosema ni "mbona huonekani kanisani?" Hilo swali linamfunga mtu mdomo hapo hapo, anakujibu "nitakuja mtumishi" na imeisha hiyo. Muulize habari za kazi, habari za nyumbani, msikilize kweli kweli, mkishazoeana ndo unauliza matatu haya: Ni nini kilikuchosha? Ni swali gani uliwahi kuwa nalo ukakosa wa kumuuliza? Tukikaa watu wachache nyumbani, bila mchango, bila mahubiri, ungependa tuongelee nini?

Usijitetee. Akisema mchungaji alimsema mama yake mbele ya watu, usimwambie "lakini mchungaji nae ni binadamu". Mwambie pole. Ukirudi nyumbani andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, bila jina. Fanya hivyo mpaka uone maswali yameanza kujirudia, hapo ujue umesikia vya kutosha. Sehemu nyingi utakuta ni haya haya: hela za kanisa zinaenda wapi, kwanini wanaoomba sana bado wanateseka, mahusiano na mwili, mila za ukoo na mizimu, na ndugu zangu Waislamu nao vipi.

Hatua ya 2: Ongea na mchungaji au paroko mapema

Usifanye kwa kificho, kificho kinazaa kanisa pembeni ya kanisa na mwisho wake ni ugomvi. Nenda na karatasi moja tu isiyo na maneno mengi, omba mambo matatu. La kwanza kibali cha kukutana kwenye nyumba. La pili, kikundi kisipangiwe lengo la mchango kwa mwaka mzima wa kwanza, na hili lisimamie kwa heshima lakini usilegee, kwa sababu siku mtakapopewa bahasha za ujenzi zigawiwe pale, nusu ya watu hawarudi. La tatu omba mlezi mmoja, mzee au mama wa kanisa ambaye vijana wenyewe wanamkubali, awe anakuja kama mtu mzima wa kawaida sio kama msimamizi wa mtihani.

Mchungaji akiwa na wasiwasi mwambie awe anakuja mara moja moja, akae kwenye kiti kama wengine, na asipewe nafasi ya neno la kufunga. Wachungaji wengi wakishakaa hivyo mara moja wanakuwa ndo watetezi wenu wakubwa, maana na wao wamechoka kuongea na watu wasiowajibu.

Hatua ya 3: Mahali, siku, muda

Jumuiya zetu nyingi za Dar zinasali Jumamosi alfajiri, saa 12 na nusu watu wako kwenye kiti. Ni muda mzuri kwa wazee. Ila binti anayefunga kibanda cha miamala saa 4 usiku, au dereva boda aliyekesha kijiweni, huo muda haumfai, na akikosa tunaandika hana bidii. Waulize wao. Mara nyingi Jumapili saa 10 jioni inakubalika, mnakaa saa moja na nusu mnamaliza kabla ya Magharibi, mtu anapata daladala bado mapema, na kama jirani ni Mwislamu adhana inamkuta nyie mmeshanyamaza.

Kaeni nyumbani kwa mtu, msikae kwenye ukumbi wa kanisa. Yule aliyeumizwa na kanisa geti la kanisa linamrudisha, lakini sebule ya mtu haimrudishi. Zungukeni nyumba, na yule mwenye chumba kimoja cha kupanga nae apewe zamu, mkae hata nje kwenye mkeka. Chakula kiwe kimoja kwa nyumba zote, chai ya rangi na karanga au mihogo ya kuchemsha, basi, na anayeweza kupika pilau akatazwe kabisa, kwa sababu wiki moja pilau ikipikwa wiki inayofuata mwenye chumba kimoja atasema anaumwa. Hili linaonekana dogo lakini nimeona vikundi vikifa kwa ajili ya soda na keki.

Msilete spika wala kinanda. Majirani waliopanga nyumba moja wapewe taarifa siku moja kabla na wakaribishwe chai.

Meseji ya kwanza ya mwaliko iwe fupi, mtumie kila mtu kwake, sio kwenye grupu. Mfano: "Habari za jioni kaka. Jumapili saa 10 tunakaa watu wachache kwa mama mlezi, nyuma ya soko. Tunasoma habari moja ya Yesu tunaongea. Hakuna mchango, hakuna kusimamishwa mbele. Njoo kama ulivyo, ukiwa na swali ndo vizuri zaidi." Hapo penye kusimamishwa mbele usipaache, wapo waliokimbia kanisa kwa sababu ya "wageni wote wasimame" tu.

Hatua ya 4: Jioni yenyewe inaendaje

Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe.

Kuna mtindo wa hatua saba uliotengenezwa taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, Wakatoliki wengi mnaujua: mnamkaribisha Bwana, mnasoma, mnachagua neno au sentensi iliyokugusa mnairudia kwa sauti, mnakaa kimya, mnashirikishana, mnaangalia mnaenda kufanya nini, mnaomba. Ni mzuri sana kwa zama hizi kwa sababu hakuna anayehubiri. Aliyeishia darasa la saba na mwenye digrii wote wanaanza sehemu moja, "mimi neno lililonishika ni hili". Tumieni huo, Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste hautamdhuru.

Mimi naupunguza kidogo hivi. Robo saa ya kwanza chai na stori, hii ni sehemu ya ibada msiifupishe. Wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua. Mnasoma kifungu mara mbili, msomaji wa kwanza mwingine na wa pili mwingine, na kifungu kiwe habari ya mtu, sio hoja ya Paulo. Msamaria pale kisimani, Zakayo, mwana mpotevu na kaka yake, Hajiri jangwani, Nabothi na shamba lake. Watu wa zama hizi ukiwapa kanuni wanabisha, ukiwapa habari ya mtu wanajiona ndani yake. Baada ya hapo kimya cha dakika tatu, simu zimelazwa kifudifudi. Dakika tatu ni ndefu kwa mtu wa Dar, wasisitizie. Alafu mzunguko, kila mtu anasema au anapitisha, na kupitisha ni halali kabisa.

Nilikuwepo jioni moja Mbagala wanasoma Yohana 20, habari za Tomaso. Fundi simu mmoja ndo aliyesoma, mikono ina alama za kuungua na waya wa kuchomea. Zamu ya binti mmoja ilipofika akasema mimi Tomaso namuelewa kabisa, mimi mama yangu aliumwa, mtumishi mmoja akatuambia tutoe sadaka maalum atapona, tukauza kiwanja tukatoa, mama akafa, sasa mkisema amini mimi nataka kuona alama za misumari kwanza. Pale ndani hamna aliyepumua. Kuna mkaka alishafungua mdomo amjibu kwa mstari, mlezi akamwekea mkono begani akanyamaza. Alafu mlezi akauliza kitu kimoja tu: hebu angalieni, kati ya ile Jumapili ya kwanza na ile ya pili zimepita siku nane, Tomaso alikuwa wapi siku zote hizo? Wakarudi kusoma. Alikuwa nao. Ameshasema hadharani siamini, na bado wale wenzake hawakumtoa ndani, hawakumpa barua ya kusimamishwa, Yesu alipokuja alimkuta Tomaso yupo pale pale na wenzake. Yule binti akasema, "Kwa hiyo naruhusiwa kuja wiki ijayo?" Akajibiwa hata wiki ijayo ukija bado huamini, njoo.

Hiyo ndo kazi ya jumuiya. Kumuwekea Tomaso nafasi siku nane, au miaka nane. Kumshawishi sio kazi yenu, Bwana anajua atakavyomtokea, kazi yenu ni kuhakikisha siku hiyo awe bado yumo ndani.

Kiongozi ajue anaongea wa mwisho na anaongea kidogo. Ukiona umeongea zaidi ya dakika tano umeshaanza kuhubiri. Mkimaliza, kila mtu ataje kitu kimoja cha kuombewa, na anayemuombea awe yule wa kulia kwake, kwa maneno ya kawaida, bila kupaza sauti.

Hatua ya 5: Maswali magumu

Wekeni boksi la viatu, mtu anaandika swali bila jina anatumbukiza. Mara moja kwa mwezi badala ya kifungu mnafungua boksi mnachukua swali moja. Moja tu jamani, msiparamie matano.

Paulo alipofika Athene, Matendo 17, alitembea kwanza akaangalia madhabahu zao, na alipoanza kuongea akatumia maneno ya washairi wao wenyewe. Kwenye sura hiyo hiyo Waberoya wanasifiwa kwa sababu walisikia mahubiri ya Paulo alafu wakaenda kuyachunguza kwenye maandiko kila siku kama ndivyo yalivyo. Kwa hiyo kuuliza sio uasi, wafundisheni hivyo waziwazi, na kiongozi asione aibu kusema hili silijui, nitamuuliza mchungaji tulirudie, alafu arudi kweli na jibu. Ukisahau kurudi nalo, wao hawasahau.

Kuhusu Uislamu, Dar kila familia ina mchanganyiko, baba mdogo ni Mwislamu, shangazi kaolewa huko. Msiruhusu kejeli hata kidogo. Semeni imani yenu kwa ujasiri kama vile shangazi mwenyewe amekaa hapo anasikiliza. Kuhusu mila na mizimu, msijibu kwa haraka "ni ushetani" mkapita, muacheni mtu aeleze ukoo wake unafanya nini na unaogopa nini, mara nyingi chini yake kuna hofu ya kufa au hofu ya kukosa mtoto, na hofu hiyo ndo inahitaji injili.

Mahusiano ndo mada itakayojaza boksi. Semeni mafundisho ya kanisa yalivyo, msiyaondoe makali ili mpendwe, vijana wanamtambua haraka mtu anayewabembeleza. Ila anza na mtu, sio na sheria. Binti aliyebeba mimba akitengwa na kanisa wakati kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa la besi kila Jumapili, hapo hakuna utakachofundisha kuhusu usafi wa moyo kikaeleweka.

Hatua ya 6: Hela

Fupi. Hamna sadaka kwenye kikundi. Mkitaka mfuko wa shida, kwa ajili ya aliyelazwa au aliyefiwa, muanzishe baada ya miezi kadhaa na vijana wenyewe ndo walete wazo. Hela isikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja bila mwingine kujua, wawe wawili, na kila mwisho wa mwezi daftari linasomwa kwa sauti, kimeingia hiki kimetoka hiki kwa ajili ya hiki, hata kama ni elfu kumi na mbili. Kijana ambaye hajawahi kuona hesabu za kanisa zikisomwa ataanza kuamini hapo.

Na mgeni mwenye cheo akitaka "kuwashika mkono" hasa karibu na uchaguzi, mkataeni kwa adabu. Kenya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia madhabahuni mwaka 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki Nairobi alizikataa hela alizotoa Rais Ruto na Gavana Sakaja kwenye parokia ya Soweto, akaagiza zirudishwe. Vijana waliona, na kanisa likaheshimika.

Hatua ya 7: Siri na usalama, hapa msifanye utani

Watu wakianza kufunguka watasema mambo mazito, Yakobo 5:16 imetuambia tuungamiane na kuombeana, na wazee wa Uamsho walikuwa wanaita kutembea nuruni. Ni baraka kubwa, ila nuru ikiwa mikononi mwa mtu mmbea inaunguza. Kila mnapoanza mrudie: kilichosemwa hapa kinabaki hapa, hakiendi kwa mume, hakiendi kwa mchungaji bila ruhusa ya mwenyewe, hakiwi "ombi la maombi" kwenye grupu lingine.

Ila kuna siri ambayo haitunzwi, na muwaambie mapema kabla mtu hajaanza kusema. Mtoto anayeumizwa au kubakwa, hiyo haimalizwi kifamilia wala kikanisa. Piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Aliyemuumiza mtoto awe mzee wa kanisa, awe kwaya masta, awe mchungaji, njia ni hiyo hiyo. Mtu anayesema anataka kujiua msimuache peke yake, kaeni nae, muite ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali leo leo, na mwombe mkiwa njiani. Maombi na daktari havigombani.

Hakuna kiongozi wa kiume kukaa peke yake na binti chumbani mlango umefungwa kwa jina la ushauri, hakuna. Mkae nje, mkae sebuleni, au awepo mlezi wa kike.

Na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mwenzake aache dawa. Za presha, za kisukari, ARV, za kifafa, yoyote. Anayesema ameponywa aende hospitali akapimwe na daktari ndo aseme. Ukisikia kwenye kikundi kuna mtu anaanza kuwaambia wenzake wasipeleke watoto shule, wasiende hospitali, wauze walivyonavyo, wakate ndugu zao, usisubiri uone mwisho wake, Shakahola nayo ilianza na mafundisho ya aina hiyo hiyo kabla watu hawajaingia msituni.

Hatua ya 8: Grupu la WhatsApp

Muwe nalo, ila la taarifa tu: wapi, saa ngapi, kifungu gani, nani anaumwa. Klipu za manabii, meseji za "tuma kwa watu kumi upate muujiza" na siasa, hapana. Mijadala mizito isubiri Jumapili, kwa sababu kwenye maandishi huoni macho ya mtu na ugomvi unaanza kwa herufi moja. Msipige picha watu wakilia au wakiomba mkaweka stetasi. Mtu akitoka kwenye grupu asitangazwe wala asirudishwe kwa nguvu, mmoja wenu ampigie, amuulize hali.

Hatua ya 9: Fanyeni kazi moja kwa mikono

Kila baada ya miezi mitatu hivi muwe na kitu mnaenda kufanya mtaani. Kuchangia damu ni kizuri sana maana hakihitaji hela wala hotuba: uwe na miaka 18 au zaidi, kilo 50 au zaidi, uwe mzima, wanaume wanarudia baada ya miezi mitatu na wanawake minne. Au kumfulia bibi anayeishi peke yake, kuzibua mtaro kabla ya masika. Karibisheni wasio wa kanisa kabisa. Wapo watakaofua nguo za bibi na nyie mwaka mzima kabla hawajasema neno moja kuhusu Yesu, muwaache wafue.

Hatua ya 10: Mkifika kumi na tano, gawanyikeni

Hili halipendwi. Mkishazoeana mnataka mbaki hivyo hivyo milele, na kikundi kikijaa sebule watu watano ndo wanaongea wengine wanasikiliza, tayari imekuwa ibada ndogo ya Jumapili. Mkiwa kumi na mbili anzeni kuongelea kugawanyika, mkifika kumi na tano mgawanyike kwa mitaa.

Kwa hiyo toka mwezi wa kwanza kiongozi awe na msaidizi anayejifunza, na msaidizi asiwe nakala yake. Kama kiongozi ni mkaka wa ofisini, msaidizi awe dada anayeuza mitumba. Mwezi wa pili msaidizi anaongoza mzunguko, mwezi wa nne anaongoza jioni nzima kiongozi yupo, mwezi wa sita anaongoza kiongozi hayupo, na akirudi asiulize "mlifanyaje" kwa sauti ya kukagua. Siku ya kugawanyika leteni viongozi wote wawili mbele ya mchungaji waombewe, gawaneni majina ya lile daftari la kipaimara ambayo bado hamjayafikia, kila kikundi kichukue nusu, na wiki hiyo hiyo muanze kupiga simu.